Mita 300 za Mwisho

Kamba ilikuwa ya manila, ya bluu, ileile tunayofungia magunia ya korosho kwenye keria. Vijana wawili waliishika, mmoja kila upande wa barabara, wakaivuta usawa wa kifua ili mshindi aje kuikata kama wanavyokata utepe wakimbiaji wa kwenye televisheni. Mimi nilisimama hatua kumi hivi kutoka hapo. Aliyeongoza alikuja ameinama juu ya usukani, macho kwenye tairi la mbele, vumbi limemfunika mpaka kope. Yule kijana wa kushoto, kwa furaha iliyomzidi, akasahau kuachia. Kamba ilimkuta mwendeshaji begani, ikapanda shingoni, ikamng'oa kwenye tandiko. Baiskeli ikaendelea peke yake mpaka miguuni mwa watoto. Wawili waliomfuata kwa karibu hawakuwa na pa kupita ila juu yake.

Alipona. Alivunjika mtulinga, na shingoni akabaki na alama ya kamba kwa wiki kadhaa. Jioni ile, kwenye kila baraza, kauli ilikuwa moja: "Walikimbia mno." Nimeisikia kauli hiyo hapa Nalasi na vijiji vya jirani kila mtu anapoanguka karibu na mstari, na kila mara inaniuma, maana yule kijana alifanya kile tulichomwita aje kukifanya. Tulimwambia awakimbie wenzake. Kosa lilikuwa letu sisi tuliochagua mahali pa kumalizia, tukatandaza kamba, tukaacha watu wasimame wanapotaka.

Makala hii naiandika kwa ajili ya wanaoandaa: walimu wa michezo, watendaji wa vijiji na kata, viongozi wa vijana, wafanyabiashara wanaotoa zawadi. Waendeshaji nao nitawafikia. Kwetu Ruvuma baiskeli ni kazi kabla ya kuwa mchezo. Inabeba korosho kwenda chama cha ushirika, inabeba maji, inabeba mgonjwa. Idd ikifika, au sherehe ya kitaifa, hakuna mchezo unaokusanya watu upesi kama huu. Wenzetu wa Kanda ya Ziwa, Mwanza na Shinyanga, wameukuza mpaka ukawa mashindano ya barabarani ya kilomita nyingi. Sisi tuna nguvu ileile ya miguu. Kinachotupungukia ni namna ya kuumaliza.

Kwa nini mwisho ndio unaoumiza

Katikati ya njia mwendeshaji ana akili zake zote. Anaona shimo, analikwepa, anampisha mwenzake. Ikibaki kilomita moja mambo hubadilika. Amechoka, pumzi zimembana, kichwa kimeinama. Kila mtu anataka mbele kwa wakati mmoja, na barabara ya kupita watu watano inatakiwa ipitishe kumi na watano. Papo hapo ndipo watazamaji walipojazana, kwa sababu nao wamekuja kuona mwisho, si katikati.

Hesabu nayo haina huruma. Baiskeli inayokwenda kilomita 40 kwa saa inapita mita 11 kila sekunde. Mtoto akichomoka kufuata mpira, mpaka mwendeshaji aone na mikono ianze kubana breki, sekunde moja imeshapita na mita 11 zimeshaliwa kabla breki haijaanza kazi. Tena mwendo ukiongezeka mara mbili, nafasi inayohitajika kusimama baada ya kubana breki huongezeka mara nne. Wanaolipwa kwa kazi hii, kule Ulaya, hufyatuka kwa kilomita 70 kwa saa kwenye lami bapa, karibu mita 20 kila sekunde, bega kwa bega.

Na hao wanaolipwa, wenye madaktari na magari ya kusindikiza, wameumizwa na makosa yaleyale ninayoyaona kwetu. Agosti 5, 2020, hatua ya kwanza ya mashindano ya Poland ilimalizikia Katowice, kwenye barabara yenye mteremko, waendeshaji wakifika kwa zaidi ya kilomita 80 kwa saa. Dylan Groenewegen aliacha njia yake, akambana Fabio Jakobsen kwenye uzio. Uzio ukafumuka, vipande vikaruka hewani, Jakobsen akapita katikati yake. Madaktari walimlaza usingizi wa dawa, akapoteza meno karibu yote, uso ukashonwa na kujengwa upya. Groenewegen alifungiwa miezi tisa, na kosa la kuacha njia lilikuwa lake. Lakini nani aliweka mstari wa mwisho chini ya mteremko? Si yeye.

Mwaka 1991, mjini Paris, Djamolidine Abdoujaparov wa Uzbekistani aligonga mguu wa uzio uliochomoza barabarani, karibu na mstari wa mwisho wa Tour de France, akapinduka kichwa chini. Mwaka 1994, mjini Armentières, askari aliyewekwa kulinda uzio alitoa kichwa kupiga picha. Wilfried Nelissen alimvaa, na Laurent Jalabert akaanguka kwenye rundo hilohilo, uso ukiwa damu tupu. Mwaka 2016 lango la kujazwa upepo lililoning'inizwa penye kilomita moja ya mwisho lilizimika ghafla, likamwangukia Adam Yates, kwa sababu ya mtazamaji mmoja aliyelinasa kwa bahati mbaya. Mteremko, mguu wa uzio, mpiga picha, lango. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichohitaji fedha nyingi kukizuia. Kilihitajika mtu wa kupita asubuhi na kuuliza: hiki kikichomoka, kitampata nani?

Chagua mahali kabla ya kuchagua zawadi

Kwetu mazoea ni kumalizia sokoni au mbele ya ofisi ya kijiji, maana ndipo watu walipo na ndipo meza ya mgeni rasmi ilipo. Naomba tuyaache. Sokoni kuna mbuzi, kuna bodaboda, kuna mama aliyetandaza nyanya zake ukingoni mwa barabara tangu alfajiri na ana haki ya kuwa pale. Watu watatembea. Mkimalizia nusu kilomita nje ya soko, watakuja.

Tafuta kipande kilichonyooka cha mita 300 au zaidi, chenye mwinuko mdogo kuelekea mstarini. Mwinuko unapunguza mwendo bila mtu kushika breki, na unawatawanya waliochoka na wasiochoka kabla hawajafika. Mashindano ya dunia yaliyofanyika Kigali Septemba 2025 yalionyesha jambo hili kwa kiwango cha juu kabisa. Mzunguko wa Kigali ulijaa vilima, kikiwemo kile cha Kimihurura kilichotandikwa mawe, na kati ya wanaume zaidi ya 160 walioanza siku ya mwisho ni 30 tu waliomaliza. Tadej Pogačar alifika peke yake. Mahali ambapo kilima kimeshachuja watu, hapabaki kundi la kugombania sentimita kwa viwiko.

Kipimo cha mwinuko hakihitaji chombo. Panda baiskeli, njoo kwa mwendo wa kawaida, na ukifika mita 300 kabla ya mahali unapotaka kuchora mstari, acha kupiga pedali. Baiskeli ikiongeza mwendo yenyewe, hapo hapafai. Ikipungua taratibu, umepata.

Angalia na jua. Kama barabara inaelekea magharibi na mashindano yanaisha saa kumi na moja jioni, waendeshaji watakuja mstarini na jua machoni, hawaoni kitu. Afadhali muanze asubuhi, kwa sababu hiyo na kwa sababu ya joto.

Kisha kuna nafasi baada ya mstari, na hili ndilo linalosahaulika kuliko yote. Tunachora mstari, halafu hatua tano mbele tunaweka meza, jukwaa, spika na gari la mgeni rasmi. Mwendeshaji akivuka mstari hajasimama. Bado yuko kwenye mwendo ule ule wa mita 11 kwa sekunde, sasa ameinua kichwa kushangilia, na aliyemfuata yuko nyuma ya tairi lake. Kanuni za UCI, shirikisho la baiskeli la dunia, zinataka uzio usiopungua mita 300 kabla ya mstari na mita 100 baada yake. Ichukue kanuni hiyo ilivyo. Fundi mmoja wa baiskeli wa hapa kijijini, mzee aliyenifundisha kunyoosha rimu, alinionyesha njia ya kuihakikisha. Alimtuma kijana apite mstarini kwa nguvu zake zote, kisha aiache baiskeli itulie yenyewe bila breki. Pale iliposimama akachomeka kijiti. "Mjukuu wangu," akaniambia, "kuanzia mstarini mpaka hapa ni mali ya waendeshaji. Asikae mtu, asikae kuku."

Mstari wenyewe chora kwa chokaa, upana wa kutosha uonekane mbali. Wa UCI ni ukanda mweupe wa sentimita 72 na katikati yake mstari mweusi wa sentimita 4. Ukanda mweupe unamwambia mwendeshaji anakaribia, mstari mweusi unamwambia mwamuzi nani alitangulia. Chokaa na mkaa uliosagwa vinatosha. Kamba, utepe, kitambaa, chochote cha kukatiza barabara, kisiwepo kabisa. Kinachomtambulisha mshindi ni jicho la mwamuzi na simu iliyofungwa kwenye kigingi kando ya mstari ikirekodi.

Tembea kilomita tatu za mwisho kwa miguu

Nasema kwa miguu kwa makusudi. Ukiwa juu ya pikipiki huoni kile ambacho tairi jembamba la baiskeli ya Phoenix hukiona. Barabara zetu za vumbi zina mchanga mlaini unaojikusanya kwenye vibonde, na tairi la mbele likiingia humo usukani hugeuka wenyewe. Kuna makorongo yaliyochimbwa na mvua za masika, mizizi ya miembe iliyochomoza, mawe, tuta mbele ya shule. Kiangazi unaona vumbi tupu na kudhani njia ni nzuri. Masika unaona utelezi. Nenda wiki moja kabla ili upate muda wa kufukia, kisha nenda tena asubuhi ya mashindano.

Kisichofukika kiwekewe mtu mwenye filimbi na bendera, mita 50 kabla yake, si juu yake. Nguzo na miti iliyo karibu na njia ivalishwe magunia ya korosho yaliyojazwa pumba za mpunga na kufungwa vizuri. Gunia la pumba halifanani na godoro la Ulaya, lakini bega likiligonga hukuta kitu kinachobonyea badala ya gogo la mwembe. Penye kona kali ndani ya kilomita ya mwisho, badilisha njia. Kona ya mwisho iwe mbali na mstari kiasi kwamba kundi likitoka pale lina muda wa kujipanga upya.

Weka alama. Kilomita moja ya mwisho duniani kote hutambulishwa kwa bendera nyekundu. Kanga nyekundu juu ya mti wa kando inafanya kazi hiyo. Weka nyingine penye mita 500 na penye mita 200, na uwaonyeshe waendeshaji kabla ya kuanza. Asiyejua mstari uko wapi atafyatuka mapema, atachoka, atayumba mbele ya wenzake. Kama hawajaiona njia, wapitishe pole pole mara moja asubuhi. Najua inakula muda.

Vumbi ni adui wa pekee wa huku kwetu. Wa pili hamuoni wa kwanza, wa tatu haoni kitu. Mwagia maji mita hizo 300 saa mbili au tatu kabla, kiasi cha kulaza vumbi tu bila kuifanya ardhi matope. Na pikipiki zinazofukuzana na wanaoongoza, zimebeba washangiliaji wawili wawili huku zikipiga honi, zikomeshwe. Pikipiki mbili au tatu zenye kitambaa cha kutambulisha zinatosha: ya kusafisha njia mbele, ya huduma ya kwanza, ya mwamuzi. Hata hizo, zikifika mita 500 kabla ya mstari, ziingie njia ya pembeni. Kwenye mashindano makubwa magari ya timu huelekezwa njia nyingine kabla ya kufika mwisho kwa sababu hiyohiyo.

Watu na uzio

Watazamaji hawaji kwa nia mbaya. Wanachungulia. Wa nyuma akisogea, wa mbele husogea, na barabara ya mita sita inabaki mita tatu bila mtu kugundua. Waliotangulia kwenye kundi wanaona pengo. Walio nyuma wanaona migongo. Kwa hiyo uzio wa watu ukae mita mbili nje ya ukingo wa barabara. Fito nyembamba zilizochomekwa na kamba inayokwenda sambamba na barabara zinafaa, mradi fito zenyewe zivunjike zikigongwa na pasiwe na ncha wala mguu unaochomoza kuelekea njiani. Kumbuka Abdoujaparov. Usitumie vyuma, usitumie matofali, usitumie meza.

Mgambo au vijana wa kulinda wakae wakiwatazama watazamaji, migongo kwa barabara. Wengi hufanya kinyume, nao wanataka kuona mbio. Wachague wale utakaowaamini kwa jambo hili gumu. Watoto wawekwe mahali pao maalumu wakiwa na walimu wao, upande mmoja tu wa barabara, kwa maana mtoto huvuka kumfuata mwenzake aliye upande wa pili. Wapiga picha, na siku hizi kila mwenye simu ni mpiga picha, wapewe kiwanja chao baada ya kile kijiti cha mzee. Asiruhusiwe hata mmoja kusimama kwenye mstari, awe ametumwa na nani.

Waya za spika na jenereta zipite nyuma ya watu, zisikatize njia. Hata sherehe za zawadi zina hatari yake. Mei 17, 2022, Biniam Girmay wa Eritrea alishinda hatua ya mashindano ya Italia mjini Jesi, Mwafrika mweusi wa kwanza kufanya hivyo. Dakika chache baadaye, jukwaani, kizibo cha chupa aliyokuwa akiifungua kilifyatuka kikampiga jichoni, na mashindano yakamwishia hapo.

Breki, kofia, na mwenzako wa pembeni

Sasa ninyi waendeshaji. Nitaanza na breki kwa sababu ndilo jambo linalonikosesha usingizi. Baiskeli nyingi za mizigo huku zimeng'olewa breki za vyuma zikiisha, na mtu anasimama kwa kukanyagia kandambili juu ya tairi la mbele. Kwenye mwendo wa sokoni inawezekana. Kwenye mwendo wa mashindano, mguu ukinasa kati ya tairi na uma, wewe unapita juu ya usukani. Asiye na breki mbili zinazoshika asianze, na ukaguzi ufanywe na fundi jioni ya kuamkia siku ya mashindano ili aliyekataliwa apate muda wa kutengeneza. Fundi abane breki, asukume baiskeli mbele: tairi likizunguka, hapana. Aangalie cheni iliyolegea, nati za magurudumu, spoku zilizokatika. Keria, stendi na kengele zenye ncha zitolewe.

Kofia ngumu ni lazima. Waendeshaji wa Ulaya nao waliikataa kwa miaka mingi wakisema joto, mpaka Machi 2003 Andrey Kivilev wa Kazakhstani alipoanguka bila kofia katika mashindano ya Paris–Nice na kufariki kesho yake. Mei mwaka huohuo UCI ikaifanya sharti. Za baiskeli ni adimu huku, nafahamu. Mfadhili anayetaka kutoa fulana zenye jina lake anunue kofia badala yake, zikae ofisi ya kata, ziazimwe kila mashindano. Afrika Mashariki tunajua uchungu wa msiba kwenye barabara ya kokoto. Suleiman Kangangi wa Kenya, nahodha aliyewafungulia njia vijana wengi, alifariki Agosti 27, 2022 baada ya kuanguka kwenye mashindano ya njia za kokoto huko Vermont, Marekani. Kofia haizuii kila kifo, ila majeraha mengi ya kichwa inayapunguza.

Njiani, ajali nyingi za kundini huanza hivi: tairi lako la mbele limepishana na la nyuma la mwenzako, yeye akasogea kidogo tu, matairi yakagusana. Wa mbele hata hahisi. Wewe wa nyuma ndiye unayekwenda chini, na walio nyuma yako wanakufuata. Kaa nyuma ya tairi au kaa pembeni kabisa, usikae nusu nusu. Ukishaanza kufyatuka, shika njia uliyoichagua mpaka mstarini. Kumsogelea mwenzako ili kumfungia njia ndilo kosa la Katowice. Tangu Januari 2025 UCI inatoa kadi za njano kwa makosa ya hatari, na mwenye kadi mbili katika mashindano yaleyale huondolewa na kufungiwa siku saba. Sisi tunaweza kuwa na sheria fupi zaidi: aliyemfungia mwenzake njia anashushwa nafasi ya mwisho, hata kama ametangulia, na itangazwe kwa kipaza sauti kabla ya kuanza.

Ukiona huna tena nafasi ya kushinda, usibane breki katikati ya kundi. Endelea kupiga pedali taratibu, sogea ukingoni. Ukishinda, vuka kwanza, toka njiani, kisha inua mikono.

Zawadi nazo huangusha watu

Kama zawadi ni baiskeli mpya kwa wa kwanza na wengine wote mikono mitupu, mmeshawaambia vijana thelathini wahatarishe shingo zao kwa nafasi moja. Zigawe. Wa kwanza apate kikubwa, lakini kumi wa mwanzo wapate kitu. Wanawake, vijana wadogo na wenye baiskeli za gia waanze kwa nyakati tofauti ili wasikutane mstarini.

Kuna kanuni ya mashindano ya siku nyingi ambayo naipenda. Mtu akianguka au akipata pancha ndani ya kilomita tatu za mwisho za hatua isiyo ya mlima, anahesabiwa muda uleule wa kundi alilokuwa nalo. Siku hizi UCI inaruhusu eneo hilo kurefushwa mpaka kilomita tano. Girmay huyohuyo, mwaka 2024, akiwa amevaa jezi ya kijani ya Tour de France, alianguka karibu na mwisho wa hatua ya Nîmes. Akainuka, akafika akichechemea na kuhesabiwa muda wa kundi. Jezi aliifikisha salama mpaka Nice. Kanuni hiyo inawapa ruhusa wasiotaka kufyatuka waachie nafasi mbele bila hasara. Kwetu mashindano ni ya siku moja, muda hauna kazi, lakini nia yake tunaweza kuichukua: aliyekuwa kwenye kundi la mbele akaanguka ndani ya kilomita ya mwisho bila kosa lake, apewe zawadi sawa na wa mwisho wa kundi hilo.

Na kusimamisha mashindano si aibu. Hatua ya mwisho ya Tour du Rwanda ya 2025 ilikatishwa kwa sababu ya mvua kubwa, watu wakiwa wamejaa Kigali, na mshindi wa jumla akatangazwa vivyo hivyo.

Akianguka mtu

Kabla ya filimbi ya kwanza, mganga wa zahanati au kituo cha afya awe na taarifa, awe na mtu wake penye mstari, na gari moja liwe limeegeshwa likielekea nje, lina mafuta, dereva yupo. Kwetu hospitali ya wilaya iko mbali, na ya rufaa ya mkoa iko Songea. Kuanza kutafuta gari baada ya mtu kuanguka ni kupoteza dakika ambazo hazirudi. Dereva na mganga wabadilishane namba za simu. Ya Polisi ni 112, ya Zimamoto na Uokoaji ni 114. Polisi na wasimamizi wa barabara, TARURA au TANROADS kutegemea barabara, wawe wameshatoa ridhaa ya kufunga njia. Chama cha baiskeli cha taifa, CHABATA, ndicho cha kuombwa waamuzi na ushauri.

Mtu akianguka, wa kwanza kukimbia aelekee nyuma, si kwa majeruhi: akapunge bendera kuwazuia wanaokuja. Wa pili ndiye aende kwa majeruhi. Asimwinue kwa kumvuta mikono, ingawa ndiyo huruma yetu ya kwanza. Apige magoti, ashike kichwa kwa mikono miwili kisitikisike, azungumze naye. Kama anapumua, aache kofia ilipo. Damu inayotoka kwa kasi ibanwe kwa kitambaa safi bila kuachia. Asiye na fahamu asipewe maji wala soda. Aliyepigwa kichwa akarudia swali moja mara tatu, akatapika, akasinzia au akaumwa na kichwa kinachozidi, apelekwe hospitali hata kama anasema hajambo, na asiruhusiwe kurudi juu ya baiskeli siku ile.

Mwaka uliofuata ajali ya ile kamba tuliuhamisha mstari. Tulipanda nao kwenye kile kimwinuko cha nje ya kijiji, tukachora chokaa na mkaa, tukavalisha miembe miwili magunia ya pumba, tukafukia mchanga kwa udongo wa kichuguu. Watu walilalamika kwamba ni mbali, kisha wakaja wote. Vijana wanane walifika karibu pamoja, wametawanyika upana wa barabara, na kila mmoja alikuwa na njia yake. Aliyetangulia alivuka hajui kama amevuka, akaendelea kupiga pedali akihema, mwendo ukamwishia polepole kwenye kilima, akatua mguu chini hatua tatu kabla ya kijiti cha mzee. Akageuka nyuma kututazama.

"Shikamoo, Babu," akamwambia fundi. "Nimekuwa wa ngapi?"